Goti la Mama wa Kopenhagen

Gesti ya mama yangu ilikuwa na vyumba vinane, bafu moja la nje na redio moja. Ilikuwa Kashaulili, hatua chache kutoka sokoni, na mji mzima ulimwita mama yangu Mama Gesti, hata padri. Ilikuwa miaka ya tisini. Mpanda ilikuwa bado wilaya ya Rukwa, mkoa wa Katavi haujazaliwa, na kila mgeni mwenye maana alishuka kwenye treni ya Tabora akiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Mchana nilikuwa bwana nyuki msaidizi katika mradi wa asali. Jioni nilikaa mezani kwa mama nikishika kitabu cha wageni: jina, kabila, kazi, unatoka wapi, unakwenda wapi.

Juu ya meza hiyo, ukutani, kulikuwa na masharti kwa rangi nyekundu. Usipike chumbani. Usivute bangi. Usiingize baiskeli. La nne lilisema: Wanaume wawili hawaruhusiwi kulala chumba kimoja. Msidhani mama ndiye aliyelitunga. Gesti zote za mjini zilikuwa nalo, maana mchora mabango alikuwa mmoja na alinakili ukuta hadi ukuta. Ukiuliza sababu, mtu mmoja atakwambia wezi hupanga njama wakilala wawili. Mwingine atakwambia ni ili vyumba vijae. Wa tatu atakohoa na kutazama pembeni. Mimi niliyekaa chini ya sharti hilo jioni zote nilijua kwamba huyo wa tatu ndiye mkweli.

Sasa mimi ni mtu mzima na sina muda wa kuzunguka mbuyu. Nilikuwa na mtu wangu, na mtu wangu alikuwa mwanamume. Alikuwa fundi wa redio wa Makanyagio. Kila Jumapili baada ya misa alikuja na bisibisi zake kutengeneza redio ya gesti, na redio ile ilikuwa nzima kabisa. Anaifungua, anapuliza vumbi, anaifunga, mama anapakua chakula, tunakula watatu, kisha mimi namsindikiza. Miaka mitatu ilipita hivyo, redio inafunguliwa na kufungwa mpaka skrubu zikaanza kulegea kweli. Mama alisema tu, "Redio hii ina mapepo," na kumwongezea mchuzi.

Nilikuwa naogopa kitu kimoja tu, siku ambayo mama angejua. Baba alikufa nikiwa darasa la tano, na mama alinisomesha kwa vyumba vile vinane, akifua mashuka kwa mkono wake. Kama angenigeuzia mgongo, nisingekuwa na kwetu kwingine.

Ndipo mradi wetu wa asali ukapata nafasi ya mafunzo ya wiki nane huko Kopenhagen, kwa Wadenmark waliokuwa wanaufadhili, na nafasi ikaniangukia mimi. Mama hakuuliza nitasomea nini. Aliuliza nitalala kwa nani. Nikamwambia nimeandikiwa kwamba bweni la wanafunzi linakarabatiwa, kwa hiyo nitakaa kwenye nyumba ya wageni ndogo, gesti kama yetu. Akafurahi kuliko nilivyotegemea. Kwetu mtoto wako akilala kwa watu, humwachi aende mikono mitupu. Unatuma kitu kwa mama wa nyumba, kwa sababu ndiye atakayemlisha. Mama akaenda dukani, akazunguka kaunta nzima, akachagua doti ya khanga ya njano na nyeusi iliyoandikwa Mgeni Njoo Mwenyeji Apone. Akaniambia, "Mpe mkononi. Na umsalimie, mwanamke mwenzangu wa gesti."

Nyumba yenyewe ilikuwa ghorofa ya nne, ngazi zinazunguka mpaka kichwa nacho kinazunguka. Aliyefungua mlango alikuwa mwanamume mfupi, mwenye unga wa ngano kwenye nyusi. Nyuma yake akatokea mwingine mrefu, amevaa sare ya madereva wa mabasi ya jiji. Walinipa chai, wakanionyesha chumba, na mimi nikakaa na doti yangu mapajani nikisubiri. Nilisubiri siku mbili nzima. Nilidhani mama wa nyumba amesafiri au ni mgonjwa. Siku ya tatu nikashindwa, nikauliza kwa Kiingereza changu cha sekondari: mama wa nyumba hii yuko wapi, nina mzigo wake kutoka kwa mama yangu.

Wakatazamana. Mfupi akasema, "Mimi napika. Yeye anafua. Chagua mwenyewe."

Walikuwa wakiishi pamoja mwaka wa kumi na tano. Serikali yao ilikuwa imewaandikisha, na karatasi ilikuwa imetundikwa sebuleni kwenye fremu, kama kwetu tunavyotundika cheti cha kipaimara. Nilibaki nimeikodolea macho karatasi ile. Kisha nikatoa doti, nikaeleza kwamba kwetu huuzwa vipande viwili vimeungana, na mwenyewe ndiye hukata. Mrefu akaleta mkasi. Mfupi akashika upande huu, mimi upande ule, tukakata katikati pale mezani penye makombo ya mkate. Kila mmoja akachukua kipande chake. Mfupi alifunga chake kiunoni siku hiyohiyo akaenda kukanda unga.

Mtoto wa gesti haachi kupeleleza gesti ya mwenzake. Nikakikagua kitabu chao cha wageni. Hakikuwa na mstari wa kabila wala wa unakokwenda. Kilikuwa na jina na saa unayotaka chai. Wageni walikuja wawiliwawili, wanaume kwa wanaume, wanawake kwa wanawake, wakiwa na kijitabu mkononi kinachotaja miji na nyumba ambamo watu wa namna yao wanaweza kuomba kitanda kimoja bila kuona haya. Nakumbuka bibi wawili wa Kijerumani waliogombania asubuhi yote nani kapoteza miwani, kumbe ilikuwa kichwani kwa mmoja wao. Nilikaa nao mezani nikala ule mkate wao mweusi, mgumu, mchachu, nikawa najiuliza ni lini nitaamka.

Jioni jua lilikuwa linagoma kuzama, basi tulitembea kando ya maji, mimi nyuma, wao mbele wameshikana mikono. Hapo nataka nieleweke. Kwetu Mpanda wanaume hushikana mikono barabarani na hakuna anayegeuka. Mimi na fundi tulishikana mikono kutoka Kashaulili mpaka Makanyagio tukisalimia watu. Lakini kwetu hawageuki kwa sababu hawafikirii. Hawa walishikana, watu wote wanajua, na bado hawakugeuka. Polisi mmoja alimsalimia Mrefu, akamuuliza habari za basi lake. Nilisimama nikajifanya nafunga kamba ya kiatu kwa sababu machozi yalikuwa yananitoka. Nilimwonea fundi wangu huruma, na mimi mwenyewe nikaona wivu wa maisha ambayo sikuwa nayo.

Nilirudi Mpanda na vyeti viwili na koti. Mama aliniketisha kabla sijaoga. "Mama wa nyumba alisemaje?"

Nikasema ameshukuru sana. Hapo ndipo ningenyamaza, lakini njia ya mwongo ni fupi na mimi nilikuwa nakimbia. Mama akauliza ni mtu wa namna gani. Nikasema mnene, mcheshi. Akauliza mbona hajaandika barua. Nikasema goti linamsumbua. Sijui goti lilitoka wapi, wala mtu haandiki barua kwa goti, ila mama hakuangalia hilo. Yeye mwenyewe goti lilimuuma kwa kupiga magoti kufua. Tangu siku hiyo mama wa Kopenhagen akawa ndugu yake. Kila nilipowaandikia wenyeji wangu, mama alituma salamu na ushauri: akande kwa maji ya moto yenye chumvi, asikae kwenye baridi. Kwenye sala ya jioni alimtaja baada ya marehemu baba. Nilikuwa naitikia amina.

Miaka miwili baadaye ikaja barua. Wanakuja kuona viboko wa hifadhi ya Katavi, na hawataki hoteli yoyote Tanzania nzima isipokuwa gesti ya mama yangu. Kijitabu chao cha miji na nyumba hakikuwa na Mpanda, wakaandika kwa utani kwamba wataiongeza wenyewe kwa kalamu. Niliwajibu kwamba watapewa vyumba viwili, ndiyo sheria, na kwamba bafu liko nje, waje na nguo ya kujifunga wakivuka ua. Wakajibu vyumba viwili si kitu, wamelala vyumba viwili katika nchi nyingi.

Fundi aliniambia, "Mwambie mama kabla treni haijafika." Nikasema nitamwambia kesho. Nilisema hivyo kila siku kwa wiki tatu. Mama alikuwa amenunua doti nyingine kwa ajili ya mama wa Kopenhagen, na chupa ya dawa ya kuchua, ile ya mafuta ya mkaratusi.

Siku ya treni nilikwenda stesheni peke yangu. Tulipokuwa tunatembea kuja nyumbani na mabegi yao nikawaeleza yote, uongo wangu na goti. Mrefu alicheka mpaka akaliweka begi chini. Mfupi hakucheka. Akasema taratibu, "Mimi nilidhani ile nguo mama yako alinipa mimi." Miaka miwili alikuwa ameivaa akijua kwamba kuna mama mmoja Afrika anayemfahamu na kumpenda hivyohivyo alivyo, kumbe mama huyo alikuwa anamwombea mwanamke wa uongo.

Mama alisimama mlangoni na gauni la Jumapili. Walimwamkia shikamoo niliyowafundisha, akaitikia, huku macho yake yakipita mabegani mwao kutafuta mtu wa tatu. "Mama yuko wapi?"

"Hajaja," nikasema. "Goti."

Mama alisikitika kweli, mpaka akakaa. Kisha akasimama, akawaandika mwenyewe kitabuni chini ya masharti mekundu, akawapa chumba namba tatu na namba nne.

Asubuhi yake mama alikuwa uani anapepeta mchele wa Majimoto. Mimi nilikuwa napasua kuni. Mlango wa namba tatu ukafunguliwa, Mfupi akatoka kwenda kuoga, amejifunga khanga ya njano na nyeusi. Ilikuwa imepauka kwa kufuliwa lakini maandishi yalisomeka. Mama akasimamisha ungo. Akamtazama mpaka akaingia bafuni. Dakika kumi hazikupita, mlango uleule wa namba tatu ukafunguliwa tena, akatoka Mrefu amejifunga kipande cha pili. Mpaka leo sijui kama walisahau au walikusudia, na sikuwahi kuwauliza.

Mama alimtazama Mrefu, akanitazama mimi. Shoka lilikuwa mkononi mwangu na sikujua niliweke wapi. Halafu akarudi kupepeta. Walipotoka kwenda matembezini aliingia kutandika. Kitanda cha namba nne hakikuwa kimeguswa. Nilimwona kwa dirishani akilinyoosha shuka lililokuwa limenyooka tayari, taratibu, kama mtu anayefikiria jambo jingine.

Siku nne hakuligusa jambo hilo. Aliwapikia, aliwacheka wakila ugali kwa uma, alimfundisha Mfupi kupika mchuzi wa karanga. Mimi nilikuwa nakonda kwa kusubiri.

Siku ya kuondoka akachinja jogoo. Hapa lazima nieleze firigisi, maana asiyejua atapitwa. Kwetu firigisi ya kuku ni ya baba mwenye nyumba. Mke ndiye anayempakulia, na kwa sahani ile kila aliyeketi anajua nani mume wa nani. Firigisi haigawanywi. Nimeona wanaume wazima wakinuniana mwezi kwa sababu ya firigisi. Mgeni mwanamume akija na mkewe, firigisi huwekwa kwenye sahani yake kwa heshima. Basi mama alikuja na sufuria, akasimama kati ya wale wawili, na firigisi ikiwa juu ya kijiko. Alimtazama huyu, akamtazama yule. Akaenda jikoni, akarudi na kisu, akaikata katikati juu ya ubao, nusu kwa Mrefu, nusu kwa Mfupi. Wao walikula tu wakasifia. Ni mimi niliyeacha kula nikabaki kuuangalia ubao.

Wakati wa kuaga alimpa Mfupi ile doti mpya. Akampa mkononi, kwa mikono miwili. Mfupi aliitazama, akamtazama mama, akamkumbatia mbele ya wapagazi wote wa stesheni, na mama, ambaye hajakumbatiwa na mwanamume tangu msiba wa baba, akampigapiga mgongoni kama mtoto anayecheulishwa. Dawa ya kuchua alibaki nayo.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Tulipofika karibu na soko akasema, "Goti la mama wa nyumba halijambo?"

Nikaongeza mwendo.

"Miaka miwili," mama akasema. "Namwombea goti mtu ambaye hayupo. Mungu ananisikiliza, ananishangaa. Ulinifanya mjinga, baba."

Nikamwomba msamaha. Nilimwomba kwa dhati. Tukatembea. Kisha akauliza, bila kunitazama, amwambie nini mama wa yule binti wa Majimoto. Huyo alikuwa binti ambaye mama alikuwa ananiposea kwa mwaka wa pili sasa, mtoto wa watu wema wenye mashamba ya mpunga. Nikasema, "Mwambie asisubiri."

Mama alisimama. Watu wa sokoni walikuwa wanapita na vikapu vyao. Akasema, "Wale ni wageni. Wageni wanapanda treni. Wewe unabaki hapa, na mimi nabaki hapa, na watu wana midomo." Akaendelea kutembea.

Iliniuma. Sitadanganya tena, iliniuma kuliko kama angenitukana. Niliona amewapa wale wageni nusunusu na mimi mwanawe hajaniachia kipande. Nilimwambia fundi asije kwa muda. Jumapili ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Tulikula wawili, mimi na mama, kijiko kinasikika kinavyogonga sahani. Mwezi wa pili mama akauliza, "Redio siku hizi imepona?"

"Imepona," nikasema.

"Hm," akasema.

Jumapili iliyofuata nilirudi kutoka misa nikakuta manyoya ya kuku uani. Haikuwa sikukuu na hapakuwa na mgeni. Mama akapakua wali, akapakua mchuzi, kisha akatoa firigisi. Tangu baba afe, firigisi ya nyumba yetu ilikuwa inakuja kwangu, nzima. Siku hiyo aliiweka kwenye ubao akaikata katikati. Nusu akaiweka kwenye sahani yangu. Nusu nyingine akaiweka kwenye bakuli dogo la bati na paja moja na mchuzi, akafunika kwa sahani, akafunga na kitambaa mafundo mawili ili isimwagike njiani.

Nikauliza ni ya nani.

"Mpelekee fundi kabla haijapoa," mama akasema. Sharti la nne lilikuwa ukutani nyuma ya kichwa chake, na lilibaki hapo mpaka gesti ilipouzwa. Akanisogezea bakuli. "Na umwambie hiyo redio haijawahi kuharibika hata siku moja. Akitaka kuja, aje kula."